Nati ya Nyuma Kushoto

Mume wangu, Nobumasa Orihara, ana kichwa kigumu. Miaka thelathini na minne nimekigonga kwa maneno na hakijapasuka. Nasema mapema, mtu asije akadhani namsifu kwa sababu ya yaliyotupata. Ni fundi magari. Gereji yetu iko Matsuida, mguuni mwa mlima Usui, na watu wanatoka mpaka Takasaki kumletea vigari vya michezo vya viti viwili ili avishushe: atoe springi ndefu, atie fupi, gari likae karibu na barabara na kushika kona.

Vijana wakija wanataka gari lilale chini hata paka asipite. Anawafukuza. Gari la kwenda kazini kila siku, anasema, linashushwa upana wa vidole viwili vyembamba, basi. Sheria inadai sentimita tisa kutoka lami, lakini sheria haivuki reli pale Yokokawa na mfuko wa mayai kwenye kiti. Akishasema hivyo hana mjadala, na mimi ndiye ninayebaki mlangoni kuwaomba radhi wateja waliokasirika.

Ubishi wake mwingine ni wa nati. Mikono inayoshika magurudumu ina bushi za mpira ndani. Ukikaza nati zake gari likiwa juu, miguu ya gari inaning'inia, ule mpira unabaki umejikunja ukilishusha, gari linarukaruka, na mwaka haujaisha bushi zimechanika. Kwa hiyo yeye anaziacha nati nusu, analishusha gari, analizungusha uani mpaka springi zikae, halafu anaingia kwenye shimo la gereji, chini ya gari, na kuzikaza gari likiwa limesimama kwa uzito wake lenyewe. Kila nati aliyoimaliza anaichora mstari wa rangi nyeupe. Mafundi wenye haraka wanakaza huko huko juu na kwenda kunywa chai. Bushi wanaziua, sawa, lakini hawana siku ya kujiuliza kama kuna nati waliyoiacha nusu.

Tangu kiangazi alikuwa anasahau. Si miwani, miwani tunasahau sote. Alikwenda kununua oili akarudi na tofu, ile jibini ya soya, kesho yake akaenda kununua oili akarudi na tofu tena. Alimwita mteja mmoja kwa jina la marehemu baba wa huyo mteja. Nilimtafutia daktari, akakataa kwenda, akasema kichwa chake hakina kutu. Nikalia, nikamtukana, nikalia tena. Mwisho akaniambia kwa upole, na upole si kawaida yake: "Setsuyo, siku nitakayosahau nati, nitafunga gereji mwenyewe. Kabla ya hapo niache." Nikamwacha. Kosa ni langu pia.

Mwezi wa kumi na moja akaja Mizuho, binti wa miaka ishirini na saba anayeuza mkate kwenye duka moja la Karuizawa, juu ya mlima. Kila siku anapanda na kushuka ile barabara ya zamani ya Usui yenye kona mia na themanini na nne. Barabara mpya ipo, pana na salama, yeye haitaki. Alijinyima miaka ili anunue kile kigari chekundu kwa ajili ya zile kona. Nobumasa alimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu hakuuliza kitaonekanaje. Aliuliza kama trei za mkate zitaruka.

Alikifanyia kazi Jumanne na Jumatano. Alhamisi asubuhi Mizuho akaja kukichukua, mimi nikiwa posta. Saa nane mchana tumekaa jikoni, chai na wali wa jana, Nobumasa akashusha kikombe. Uso ulimbadilika, ukawa wa kijivu.

"Nyuma kushoto," akasema.

Nikamuuliza nini nyuma kushoto. Akafumba macho, mkono wake wa kulia ukawa unakaza kitu hewani. Mbele kulia anakumbuka. Mbele kushoto anakumbuka, kwamba jasho lilimwingia jichoni. Nyuma kulia anakumbuka. Baada ya hapo hakuna kitu. Alirudia mara tatu toka mwanzo, na kila mara mkono ulisimama pale pale.

Mimi si fundi lakini nimekula kwa kazi hii maisha yangu yote. Nati iliyoachwa nusu inajifungua yenyewe, kona baada ya kona, mpaka bolti inatoka, gurudumu linalala, na usukani unakuwa wa mapambo tu. Na kule Usui pembeni mwa barabara kuna bonde. Nilipiga simu ya Mizuho, ikaita mpaka ikachoka, maana yule binti akiwa kwenye usukani hashiki simu. Nikapiga dukani. Sauti laini ikaniambia mkate umekwisha mapema leo, Mizuho ameruhusiwa, ametoka dakika tano zilizopita. Nikauliza ameshika njia gani. Ile sauti ikacheka kidogo, ikasema mama, si unamjua.

Tukaingia kwenye kigari chetu cha mzigo. Nilitaka kuendesha mimi, akaninyima ufunguo. Alitupa jeki nyuma, na ile spana ndefu ya kupimia ukazaji, ambayo nati ikifika kiasi chake inalia ka!, tukaondoka. Njia nzima nilimsema. Nilimwambia nilishakuomba uende kwa daktari, nilishakuambia uache kazi za miguu ya magari, umwage oili tu na kubadilisha taa kama wazee wenzako. Nilisema mambo ya kumsema mtu mara moja tu katika maisha. Alikuwa anatikisa midomo, nikajua anahesabu tena nati, moja, mbili, tatu, na kunyamaza.

Kona za Usui zina vibao vya namba. Kumi. Ishirini na mbili. Majani ya miti ya momiji yalikuwa yamelowa barabarani, mekundu, na kila rundo lililokusanyika pembeni nililiona ni kile kigari. Niliomba. Mimi huenda hekaluni mwaka mpya tu, nikaomba kwa kila jina ninalolijua, la mizimu ya kwetu na ya kwa mume. Niliwaahidi gereji. Chukueni gereji, chukueni jina lake, chukueni mikono yake hiyo anayojivunia, binti afike chini.

Kwenye kona ya sitini na nane kizuizi cha chuma kilikuwa kimepinda kuelekea bondeni. Nobumasa akafunga breki. Akateremka, akashika kile chuma kwa mikono miwili, akainama kuangalia chini. Kumbe pale kilipopinda palikuwa na kutu ya miaka, ajali ya zamani. Alirudi akakaa, akashindwa kuingiza gia mara mbili, ya tatu ikakubali.

Kwenye tisini na kitu tukausikia. Mlio mwembamba, gia inashuka, inapanda, kona moja juu yetu. Nobumasa aliegesha kando, akawasha taa zote, akakimbia katikati ya barabara, mzee wa miaka sitini na sita, mikono juu. Kigari chekundu kikatokea. Kilisimama hatua tano mbele yake, sawasawa, bila kuyumba hata kidogo.

Mizuho alishuka ametoa macho. "Fundi, kuna nini? Mama, kuna nini?"

Nobumasa hakumsalimia. Alimwinamia mpaka kiunoni, akamwomba asogee, akatia jeki nyuma kushoto, akalala kifudifudi juu ya majani yenye maji na kuingiza kichwa na tochi. Nilishika bega la Mizuho. Sijui kama nilikuwa namshikilia yeye au najishikilia mimi.

Spana ikalia ka!, papo hapo, bila nati kusogea hata unywele. Akaijaribu tena. Ka!

"Imekazwa," akasema kutoka kule chini. "Setsuyo, imekazwa. Na rangi ipo. Mistari miwili."

Nikakaa barabarani kama mlevi. Nililia na kucheka kwa pamoja, na yeye huko chini nikamsikia anacheka, kicheko cha ujana wake ambacho nilikisahau. Alitoka uso umejaa matope. Akamwinamia Mizuho tena na tena, akamweleza: hakukumbuka kuikaza, roho ilimruka, amsamehe mzee mjinga kwa kumtisha njiani.

Mizuho alicheka naye, kwa nafuu tu, masikini, bila ubaya wowote. "Lakini fundi, si ulinionyesha mwenyewe asubuhi?"

Nobumasa alikuwa anafuta mikono. Akaacha kufuta.

"Ulinishusha shimoni," Mizuho akasema. "Ukazionyesha kwa kidole moja moja, kwa sauti kama dereva wa treni anayetaja taa za njia: sawa, sawa, sawa. Hii ya nyuma kushoto ukaniambia ina mistari miwili kwa sababu jana jioni ulisahau kama umeikaza, ukashuka tena na tochi, ukaikuta imekazwa, ukaichora tena. Tulicheka sana. Ukaniambia nisimwambie mama."

Jeki ilikuwa bado imeinua gari. Mizuho alinitazama mimi, akamtazama yeye, na nikaona kicheko kinamwondoka usoni taratibu alipoelewa anachokisema.

"Leo asubuhi," Nobumasa akauliza. "Wewe na mimi. Shimoni."

"Ndiyo, fundi."

"Nilikuwa nimevaa nini?"

Mizuho akasema ovaroli hilo hilo, na kofia ya pamba. Nobumasa alifikiri. Nilimwona anatafuta, kwa bidii, kama anavyotafuta mlio ndani ya injini, kichwa kimeinama upande. Nilitaka akumbuke hata ile kofia. Ningetoa chochote akumbuke kofia. Kisha akatikisa kichwa, akamshushia Mizuho gari lake kutoka kwenye jeki polepole, akamfungulia mlango, akamwambia aende salama, na siku akihitaji tena kazi ya miguu amtafute fundi mwingine, atampa majina mawili ya watu waaminifu. Alisema vizuri, kwa adabu, kama anayeelekeza njia. Binti aliondoka analia.

Tulibaki kandokando ya barabara.

"Laiti ingekuwa imelegea," akasema. "Nati kila fundi anaweza kuisahau."

Akatoa ufunguo mfukoni akanipa. Nikaingia upande wa usukani, nikasogeza kiti mbele maana miguu yangu haifiki, nikasubiri afunge mkanda. Alifunga. Kisha akaniomba nimwangalizie kama umebana.