Mama Kidevu Ajitoa Bila Faini

Hata senti hawakumkata! Jamani, hata senti! Mama Kidevu kajitoa kwenye ile programu ya kusafisha picha, na faini hajalipa!

Ngoja, tuanze vizuri. Mama Kidevu ni mpiga picha. Jina lake halisi watu walishalisahau, maana kila aliyekaa kwenye kiti chake alipigiwa kelele: "Kidevu juu! Juu kidogo! Hapo hapo, usipumue!" Studio aliianzisha na mumewe, sasa ni marehemu, enzi za filamu. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza chenye taa nyekundu, picha zimeanikwa kwenye waya kama nguo, na ile harufu ya dawa inakufuata mpaka nyumbani. Mbele kulikuwa na kioo, chanuo lililofungwa kamba lisitoroke, na tai moja ya wateja wote. Yaani nusu ya mtaa wamepiga picha na tai ile ile! Aliyekuwa anawafunga ni wifi yake, dada wa marehemu, na alikuwa anakaba kweli kweli.

Sasa macho yamechoka, studio inafungwa. Zimebaki picha za zamani ambazo wenyewe hawakuzifuata. Mama Kidevu alishazisafisha zote kwenye kompyuta, akatenga na hela ya kuzichapisha awagawie bure, kama kuaga. Kumbe! Alipobonyeza "jitoe", programu ikamwambia mkataba ni wa mwaka, ukitoka katikati unalipa faini. Na faini yenyewe ilikuwa inameza hela yote ya kuchapisha.

"Lipa yaishe, wifi," akasema wifi yake. "Hizo picha wenyewe walizisahau."

"Walisahau wao, mimi sijasahau. Mwone huyu mtoto kwenye picha. Si alikuja na mama yake? Sasa mama mwenyewe yuko wapi?"

Wifi akainama kuiangalia. Mama yule walikwenda kumzika wote wawili.

Mara kioo cha kompyuta kikaandika: "Usiondoke! Hamia kifurushi kidogo."

"Hee! Mtu anaaga, wao wanamvutia kiti," wifi akasema.

Mama Kidevu akaanza kucheka, kisha akaacha. Alimkumbuka mumewe. Mteja akiagiza picha ndogo za kitambulisho, halafu akabadili mawazo akataka kubwa ya familia, mzee alikuwa anachana risiti ya kwanza na kuandika nyingine. Oda mpya, mwanzo mpya, na mteja anaruhusiwa kuikataa kabla haijachapishwa. Mama Kidevu alikuwa anafoka, "Utatufilisi wewe!" Mzee anacheka tu.

Basi akawaandikia huduma kwa wateja: "Nikihamia kifurushi kidogo, siku za kubadili mawazo bila faini zinaanza upya?"

Jibu likaja: "Ndiyo, mteja wetu, huo ni mkataba mpya, ule wa kwanza unafutika. Ukijitoa ndani ya wiki mbili za mwanzo, hulipi faini."

Akahamia. Akasubiri ujumbe wa kuthibitisha. Ulipoingia tu, akabonyeza "jitoe".

"Mbona haraka hivyo, wifi? Hata chai hujawapa!"

"Nimewapa miaka, inawatosha."

Kioo kikaandika: "Umejitoa. Hudaiwi chochote." Wifi akapiga vigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuchungulia. Mama Kidevu alikuwa anafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Kaka yako angekuwepo," akasema, "angejisifu mpaka kesho."

"Kesho? Mwaka mzima!"

Picha zikachapishwa. Yule mtoto siku hizi ana ndevu. Alipopewa ya kwake, alisimama mlangoni anaiangalia, anaiangalia tena, halafu akauliza kama anaweza kukaa kidogo. Wakampisha kwenye benchi, wakamsimulia siku ile mama yake alivyomchana nywele huku yeye mtoto analia.

Kama una mtu anayelipia programu asiyoitumia na anaogopa faini, mwambie aulize kwanza. Mtumie hii, tafadhali.