Mwalimu Aliyeomba Msamaha Mapema

Amefariki yule mwalimu wa huku kwetu mlimani, na kabla sijauliza alikuwa anaumwa nini, aliyenipigia simu alishaniambia kinachobishaniwa nyumbani kwao: watamzika wapi. Mnaonisoma siku zote mnajua sina haraka ya kufika mwisho, lakini hapo nilitikisa kichwa, maana swali hilo ndilo alilokuwa akifundishia. Alifundisha chuo kimoja pale mjini Moshi, somo la jamii, kwa wanafunzi wanaoanza. Mimi niliishia darasa la nne na somo hilo sikuwahi kulisikia. Nilidhani jamii ni watu tu, umo ndani yake kama ulivyo ndani ya mvua, hakuna cha kusomea.

Alikuwa na tabia ya kuwapandisha wanafunzi wake huku juu waje kutuhoji sisi wazee. Siku moja waliketi uwanjani kwangu, mke wangu akawaletea ndizi za kuchemsha, na kijana mmoja akaniuliza kwa nini watu wengine ni maskini. Nikamjibu upesi: uvivu. Mwalimu hakunipinga. Alinisalimu upya, "Shikamoo, mzee," kama aliyefika sasa hivi, kisha akaniuliza nitazikwa wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, pale kwenye mikahawa, karibu na baba. Nani alinipa pale? Baba. Na ndugu zangu je? Hapo nikaanza kukohoa. Mimi ni kitinda mimba, na kwa desturi yetu kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba. Wa kwanza alipewa shamba lake. Wa katikati aliteremka Chekereni kulima mpunga kwenye jua lile. "Naye ni mvivu?" akauliza. Anayemjua ndugu yangu anajua kwamba huamka kabla ya ndege. Basi mwalimu akawageukia wanafunzi, kila mmoja aseme atazikwa wapi. Wavulana walijibu haraka haraka. Wasichana wakatazamana, mpaka mmoja akasema, "Kwa mume wangu, mwalimu. Ila sijampata bado." Tulicheka wote, naye mwalimu alicheka, lakini ndiye aliyenyamaza wa kwanza.

Swali hilo alilipeleka kila mahali. Hata Mhindi mmoja anayeniuzia misumari mjini alishaulizwa, akamjibu kwamba wao huchomwa, kwa hiyo ugomvi wao wote unahamia dukani. Mwalimu alilipenda sana jibu hilo.

Kwake yeye halikuwa swali la darasani. Aliolewa Mkuu, kule Rombo, akazaa mabinti wawili, ndoa ikamshinda, akarudi na watoto kwa baba yake. Akajenga chumba na jiko kwenye kona ya kihamba, yaani shamba letu la ukoo la migomba na kahawa, ambalo tunaishi ndani yake na kuzikwa ndani yake. Kuishi hakuna aliyemkataza. Kuzikwa ndiyo ikawa kesi. Huku walisema mbuzi wa mahari walishaliwa, kaburi lake liko Rombo. Rombo walisema aliondoka kwa miguu yake mwenyewe. Na mtu asikudanganye kwamba waligombania shimo. Kwetu kaburi lina nguvu kuliko karatasi. Alipolala mama, mabinti watakuja kupalilia, na mtu anayepalilia mahali kila mwaka utamfukuzaje?

Baada ya baba yao kufa, kihamba kilishikwa na kaka yake, mtoto wa kiume pekee wa nyumba ile, na wakanuniana naye muda mrefu. Ndipo ikafika Krismasi moja, ukoo wote umepanda kutoka Dar na Arusha, mbuzi amechinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, mwalimu akaingia uwanjani ameshika isale. Hili ni jani refu tunalopanda mipakani na makaburini, na mtu aliyekukosea akikuletea, unampokea na kumsamehe. Kulikataa hakuna anayethubutu. Tukajua leo ameushusha ukaidi wake. Kaka alisimama, akalipokea kwa mikono miwili mbele ya watu wote, uso umefunguka, ndipo akauliza, "Haya, dada yangu, umekosa nini?"

"Bado sijakosa, kaka. Nitakosa siku nikifa, maana nitazikwa pale kwenye kona. Nimeomba mapema kwa sababu siku hiyo sitaweza kusema."

Shangazi mmoja alipaliwa na mbege. Kaka alibaki na isale lake mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani, haiwezekani kulitupa, haiwezekani kulirudisha. Lilikuwa na mizizi. Jioni ile mwalimu alilipanda mwenyewe kwenye kona.

Wako waliosema ameidhihaki mila. Mimi naona aliishika pale penye mpini, mahali ambapo sisi wengine hatukuwahi kupagusa. Alikuwa akiniambia kwamba mila ni watu walioketi wakakubaliana, na kwamba ukitaka kuijua vizuri, uliza nani hakuitwa kwenye kikao.

Basi juzi nilikwenda kikaoni. Vijana wa ukoo walishaulizia gari la kumpeleka Rombo. Mabinti zake walikuwa jikoni na wanawake wenzao, mlango wazi, wakisikia mama yao akijadiliwa kama mzigo uliokosa anwani. Kaka mtu sasa ni mzee, macho yamefifia. Aliwaacha wakasema mpaka wakachoka.

"Nyie mlikuwa wadogo," akasema. "Mimi nililipokea."

Mwanawe akamwambia, kwa adabu, kwamba shangazi alimtega.

"Alinitega, ndiyo. Na nililipokea. Chimbeni." Kisha akawaita mabinti watoke jikoni, wao ndio waonyeshe mahali.

Tumemzika pale, na isale limenizidi urefu. Katika maisha yangu yote nimesikia watu wakisema mambo yatabadilika yenyewe, na sijaona hata moja lililobadilika hivyo. Kila lililobadilika, kuna mtu alisimama uwanjani watu wakimtazama. Mimi nina binti Bomang'ombe, anauza nguo sokoni, hana mume na hajawahi kuniuliza kitu. Wakati watu wanaondoka msibani niliwaomba mabinti wa mwalimu chipukizi moja la isale lile, wakanikatia. Krismasi hii wanangu wa kiume wakishapanda wote, nitalichimbia pale kwenye mikahawa na kuwaambia ni la dada yao, nikiwa bado naweza kusema.