Nilipomfokea Baba Mdogo

Beki wa kati asiyesema ni nusu beki. Kocha aliniambia hivyo wiki yangu ya kwanza, mbele ya wenzangu wote, nikiwa nimeshika njumu zilizojaa tope. Alikuwa mtu wa kuja, mzaliwa wa pwani, na baridi ya Tukuyu ilimfanya avae koti juu ya koti hata mchana. Alisema naona mpira mapema na siogopi mguu wa mtu, ila mdomo wangu umefungwa. Timu ilikuwa imenichukua kwa majaribio hadi dirisha dogo la usajili. Kama hadi hapo sijafungua mdomo, alisema, nitarudi kwetu Ikuti kuchuma chai.

Jambo ambalo kocha hakulitilia maanani ni mtu aliyekuwa anasimama golini nyuma yangu.

Kipa wetu alikuwa baba yangu mdogo, kitinda mimba wa nyumba ya babu. Baba alipofariki nilikuwa bado mdogo, shule ya msingi, na huyu ndiye aliyenichukua nikakua kwake. Ndiye aliyenifundisha mpira pia, kwenye kiwanja cha mteremko kando ya migomba yetu. Kiwanja kile kilikuwa na sheria moja tu. Mpira ukikupita ukaingia korongoni, wewe uliyepitwa ndiye unayeufuata, kwenye utelezi na upupu. Sikupenda kushuka korongoni. Ndivyo nilivyokuwa beki.

Kwetu mtoto humwamkia mkubwa kwa kuinama, na akiulizwa hujibu polepole akiangalia chini. Ukiwa na neno la kumkataza baba, humwambii mwenyewe. Unampelekea mama, naye anajua saa ya kulisema na namna ya kulipunguza makali. Sijawahi kusikia mtu wa ukoo wetu akimwambia baba yake "kaa" au "toka". Mimi nilikuwa naona haya hata mbele ya vijana wa rika langu, sembuse kwake. Lakini kuna mipira ambayo beki aliye karibu nayo ndiye anayejua kama ataiwahi, na lazima amwambie kipa mapema: toka, kaa, rudi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kule kwenye mteremko tulikuwa tumepata njia yetu, na sikumbuki nani aliianza. Nilikuwa naweka mkono nyuma ya mgongo. Kiganja kikiwa wazi, maana yake abaki golini. Nikikunja ngumi, atoke. Alikuwa akiuangalia mkono wangu kama dereva anavyoangalia kioo cha pembeni, na hatukuwahi kugongana. Tulipokuja kucheza pamoja mjini tuliendelea hivyohivyo. Kocha alikuwa anaona tu beki bubu na kipa anayemwelewa, akawa anakuna kichwa. Wenzangu walinitania kwamba nimekatwa ulimi jandoni, wakati sisi hata jando hatuna.

Baba mdogo alijua ninachotakiwa kufanya. Jioni moja tukitoka mazoezini, alinunua mahindi ya kuchoma pale mtaa wa Bagamoyo, hapohapo mjini, akanipa langu, akasema nimfokee tu uwanjani kama wengine wanavyofanya, ile ni kazi. Nikaitika. Siku iliyofuata nilifungua mdomo ikatoka hewa. Aliuona mkono wangu, akatabasamu, akabaki golini.

Halafu ikaja mechi ya ukungu.

Ukungu wetu wenyeji wanaujua. Unashuka kutoka mlimani ukiwa umelala, unafunika mashamba ya chai, na ukifika uwanjani unamwona mtu kuanzia kiunoni kwenda juu, kisha humwoni kabisa. Mwamuzi aliangalia, akasema tucheze. Tulikuwa tunaongoza kwa goli moja na muda ulikuwa umekwenda. Mtu wao akapiga mpira mrefu kutoka katikati. Niliusikia ukipigwa kabla sijauona. Nikageuka, nikasikia pia hatua za baba mdogo, anatoka golini kuufuata, na nikajua kwamba hataufikia, utampita juu ya kichwa. Nikaweka mkono nyuma, kiganja wazi. Kisha nikakumbuka kwamba hauoni.

"Rudi!" nikapiga kelele. "Rudi golini! Rudi, rudi!"

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyodhani ninayo. Nikamwona amejitokeza kwenye weupe, mtu mzima mwenye mwili, amesimama ghafla, akaanza kukimbia kinyumenyume huku mikono ikipepea. Akauwahi kwenye mstari kabisa, akaupangua kwa ncha za vidole ukatoka kona. Tukashinda. Kocha alinikumbatia na makoti yake yote mawili, akawaambia viongozi leo amepata beki. Wiki hiyohiyo niliitwa nikasaini.

Nyuma ya goli kulikuwa na shabiki aliyekuwa anarekodi na simu. Kwenye video yake huoni mpira. Unaona weupe mtupu, unasikia sauti ya kijana ikifoka "Rudi golini," halafu kinatokea kivuli cha mtu mkubwa kinarudi mbio kama mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari. Namna alivyoupangua haionekani, ukungu uliifunika. Watu wakarushiana. Mji wote ukacheka.

Baada ya hapo baba mdogo hakupita popote kwa amani. Akienda dukani kununua sabuni, vijana wa bodaboda wanasema, "Mzee wangu, rudi golini, umesahau chenji." Watoto wa mtaa wa Ibighi wakimwona barabarani wanaimba rudi, rudi. Kwenye mechi ikawa mbaya zaidi. Kila alipopiga hatua mbele ya mstari, jukwaa zima liliimba lile neno, mashabiki wetu wenyewe, kwa furaha, bila chuki yoyote. Nadhani ingekuwa chuki angeiweza. Alianza kubaki golini. Krosi ambazo zamani alikuwa anaziokota kama maparachichi chini ya mti, sasa aliziangalia zikipita. Nilikuwa namfokea atoke, maana sasa sauti nilikuwa nayo, naye hakutoka. Tukafungwa, tukafungwa tena. Kocha akasema kipa ameganda.

Dirisha dogo lilipofunguliwa, lile nililokuwa naliogopa mimi, wakamleta kipa kijana kutoka Mbeya mjini. Baba mdogo aliweka glavu zake juu ya benchi la chumba cha kubadilishia nguo, akazikunjua vidole kimoja kimoja zikauke vizuri, akaaga kila mtu kwa mkono. Mimi alinishika begani tu, akatoka.

Huko Ikuti walisema badala yake. Baada ya ibada watu walikuwa wakisimama vikundi nje ya kanisa na kuulizana kama ni kweli mtoto aliyelelewa na mtu anaweza kumkimbiza kama kuku mbele ya mji mzima. Bibi hana simu, lakini alionyeshwa video. Aliuliza tu nani anafoka hivyo. Alipoambiwa ni mimi, akakataa, akasema mjukuu wake hana sauti.

Mama mdogo, mke wake, ndiye aliyenipa ushauri. Kwetu ukimkosea mzazi huendi mwenyewe mikono mitupu. Unatafuta mkubwa wa ukoo akutangulie na kusema kwa niaba yako, na unakwenda na jogoo. Akipokelewa jogoo, jambo limekwisha, na hakuna mwenye ruhusa ya kulifufua. Nikanunua jogoo mwekundu, nikamwomba mzee mmoja wa kanisa, binamu wa babu, anitangulie. Huyo mzee anapenda kusema. Njia nzima alikuwa anajifunza hotuba yake, akisimama kuuliza kama lile neno nilifoka mara moja au zaidi, ili asije akamdanganya mtu.

Tulimkuta baba mdogo anapanga maparachichi kwenye kreti. Nikainama, nikabaki nimeinama, jogoo kwapani. Mzee akasema kwa Kinyakyusa, muda mrefu, akapitia ukoo wote hadi akafika kwangu. Baba mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, "Ndaga fijo," kisha akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili, kama tuko uwanjani:

"Ule mpira, nisingerudi, ungeingia?"

Ningeweza kusema sijui. Nilifikiria kusema hivyo.

"Ungeingia, baba."

"Basi ulisema sawa. Hukunikosea."

Mzee akaingilia, akasema hata hivyo kijana ameleta jogoo, na jogoo akishaletwa hapokelewi na mlango uliofungwa.

"Jogoo ni wa kosa," baba mdogo akasema kwa upole. "Kosa halipo. Nipokee nini?"

Akaendelea kupanga maparachichi, mabivu juu, mabichi chini. Nilingoja aseme neno lingine. Ningependa anitukane. Angenitukana angekuwa na kitu cha kunisamehe, na mimi ningekuwa na mahali pa kuweka yule jogoo. Nilirudi naye mjini juu ya bodaboda, akininyea jezi njia nzima.

Sasa nacheza kila mechi. Kipa mpya ni wa umri wangu, namfokea naye ananifokea, ananitukana mpaka mama yangu, tukitoka tunakula wote chipsi. Kocha anasema sauti yangu inasikika hadi barabara kuu. Ukungu ukishuka, mkono wangu mara nyingine unakwenda wenyewe nyuma ya mgongo, halafu nauondoa.

Jumapili nisipokuwa na mechi nakwenda Ikuti. Zamani nilikuwa nikifika napita jikoni moja kwa moja, najifunulia sufuria. Sasa baba mdogo akiniona ananyanyuka, anamwita mama mdogo alete kile kiti cha wageni chenye kitambaa, na ananiuliza kazi inaendeleaje, kwa adabu, kama anavyomuuliza bwana shamba. Nakaa. Najibu inaendelea vizuri.