Jeshi la Ng'ambo ya Mwezi

Jiwe la Mwanza lina harufu yake, na anayebisha hajawahi kulilalia kifudifudi. Jua likilipiga tangu asubuhi, kisha kikapita kimvua cha dakika chache, linatoa mvuke wenye harufu ya vumbi, ya kutu, na ya dagaa walioanikwa hapo wakasahauliwa. Mijusi yenye vichwa vyekundu inatoka nyufani na kuanza kupiga pushapu, nasi watoto tulikuwa tunahesabu nayo. Nimekulia juu ya mawe hayo, katika mtaa wa mlimani ambako nyumba zimebanwa na majabali na choo cha jirani kiko juu kuliko paa lako. Wageni wanayapiga picha na kusema ni mazuri. Sawa, ni mazuri. Mimi nikiyatazama hasira inanipanda, na sitaki mtu aniambie nipunguze.

Likizo ile ya Juni tulikuwa darasa la tano, mimi na pacha wa jirani, Kulwa na Doto. Kulwa, msichana, ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na hakumwacha mtu asahau jambo hilo. Doto, ndugu yake wa kiume, alikuwa na ugonjwa wa selimundu. Sisi tuliujua kwa dalili zake: macho ya njano, vidole kuvimba, na siku nyingine mifupa inamuuma mpaka mama yake anambeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, kumteremsha mlima kwenda hospitali. Huko waliwapa masharti mepesi kabisa. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi, asichoshwe. Lakini masharti hayo ndiyo yaliyomtoa kwenye kila mchezo wa mtaa. Kwenye mpira Doto alikuwa mshika viatu. Kwenye kujificha alikuwa anakamatwa wa kwanza, halafu anachekwa. Basi siku moja tukaingia banda la video, ikawekwa picha ya wanajeshi wanaopigana huko kati ya nyota, mtafsiri akipayuka kwa Kiswahili juu ya sauti zao, na jemadari wao akampa lafudhi ya Kisukuma tukacheka hadi machozi. Ndani ya chombo chao wanajeshi wale walikuwa wanaelea. Kulwa hakucheka. Alinishika mkono akaniambia, "Mwajuma, umeona? Kule hakuna anayekimbia."

Kesho yake likazaliwa Jeshi la Ng'ambo ya Mwezi. Chombo chetu kilikuwa ufa mpana kati ya majabali mawili nyuma ya nyumba yao, na makuruta tulikuwa watoto kama kumi. Wavulana walikuja na bunduki za mabua, Kulwa akawanyang'anya zote. Bunduki, alisema, ni kozi ya mwisho. Kozi ya kwanza ilikuwa uzito: unalala chali juu ya jiwe, unafumba macho, unapumua polepole mpaka usiusikie mgongo wako, na ukicheka unarudia. Ya pili ilikuwa baridi. Angani kuna baridi kali, kwa hiyo kila askari avae sweta, na jamani tulivaa sweta jua la saa saba, tukitoka jasho kama wapika maandazi. Kila mmoja alikuja na chupa yake ya maji, kwa kuwa kamanda akitamka "Tangi!" tunakunywa wote kwa pamoja, chombo kisizimike. Doto akafanywa mwongoza njia. Bibi yake alikuwa amemwonyesha kilimia, zile nyota zinazowaambia watu wakati wa kulima, na yeye akatufundisha kuwa askari asiyejua kilimia kiko upande gani atazunguka angani hadi ndevu ziote. Yeye ndiye aliyekuwa anatuuliza maswali, nasi tunajibu tumesimama wima. Sikuwahi kumwona na sauti kubwa vile.

Kulikuwa na somo la ugeni pia. "Umeshuka kwenye nyota ya watu," Kulwa anauliza, "mbele yako kinasimama kitu kina macho matano. Unafanya nini?" Mvulana mmoja akajibu anafyatua risasi, akafukuzwa kozi siku nzima. Jibu lilikuwa shikamoo. Umri wake huujui, unaanzaje kumsemesha bila kumwamkia? Baada ya hapo unajaribu lugha moja moja, ndiyo maana tulijifunza kuhesabu kwa Kisukuma, kwa Kijita na kwa Kihaya, kila mtoto akileta ya kwao. Lakini mtihani mkubwa wa jeshi lile ulikuwa neno moja, kituo. Askari yeyote, hata kuruta wa jana, akisema "Kituo," chombo kinasimama, wote wanakaa chini, na hakuna ruhusa ya kumuuliza kwa nini. Ukiuliza umefeli. Wengi tulifeli mara nyingi, maana mtoto asiyeuliza kwa nini ni mtoto gani? Ila tulizoea. Doto akisema kituo, tunakaa. Mimi nikichoka nikasema kituo, tunakaa vilevile. Ikafika mahali hukumbuki nani mgonjwa. Kulwa alikuwa na miaka kumi na moja. Hakuna aliyemtuma.

Sasa ndipo akatokea Afande. Alikuwa mpangaji wa chumba kwa baba yao, mtu aliyewahi kuwa askari, au aliyesema amewahi, mimi sikumwona na vyeti. Alitukuta tumelala chali kwenye mawe tumefumba macho, akasimama mikono kiunoni, akasema hilo si jeshi, ni kijiwe cha wavivu. Jioni akawaambia wazazi kwamba atatuchukua yeye, atufunze jeshi la kweli, bure. Wazazi wakafurahi. Walifurahi! Baba yangu mwenyewe, fundi cherehani aliyekuwa hawezi kukimbia hata kufuata mteja, alisema angalau tutanyooka. "Samaki mkunje angali mbichi," wakawa wanaambiana, na hakuna hata mmoja aliyeona kuwa samaki huwa ameshakufa ndipo akunjwe. Mama Kulwa alikuwa amevuka kwenda Nansio kununua dagaa. Kabla ya kuondoka alimwambia mumewe mbele yetu sote, "Baba Kulwa, mtoto asishinde kwenye baridi, nakuomba." Baba akaitikia. Mama alipopanda meli tu, baba huyohuyo akatuambia mtoto wa kiume halelewi kama yai.

Alfajiri filimbi ikalia. Mchakamchaka hadi ziwani, nyimbo juu, upepo wa Juni unakata masikio, na sweta ni marufuku. Njiani Kulwa alimsogelea Afande akamwamkia vizuri, kama alivyotufundisha, kisha akamwambia, "Afande, huyu ana selimundu. Haruhusiwi baridi." Baba yao alikuwa hapo pembeni, amekuja kutazama mwanawe akiwa mwanamume. Afande akacheka. "Jeshini hakuna mgonjwa," akasema. "Kuna mvivu na kuna marehemu." Na baba akacheka naye. Nimewasikia watu wakisema maneno mabaya maishani mwangu, wengine wamenitukana mimi na mama yangu, lakini hakuna kicheko ninachokichukia kama kile. Tulipofika ufukweni tukarushwa kichura mchangani. Doto akabaki nyuma. Adhabu ya aliyebaki nyuma ilikuwa kusimama majini, maji yafike mabegani, mpaka wenzake wamalize.

Alisimama. Hakulia, na hilo ndilo linaloniuma, maana angelia labda mtu angemtoa. Midomo ikabadilika rangi. Akasema "Kituo." Hakusema kwa nguvu, lakini sisi tulisikia, na makuruta wote wa Ng'ambo ya Mwezi tukakaa chini mchangani kama tulivyofunzwa. Afande akapiga filimbi. Hatukuinuka. Akaanza kutuchapa na fimbo, mmoja mmoja, akiuliza kwa nini tumekaa, kwa nini, kwa nini, na baba yao akimwambia Kulwa, usiniaibishe wewe. Kulwa aliingia majini na nguo zake akamvuta ndugu yake nje. Mifupa ilikuwa imeshamkamata. Usiku ule kifua kikabana, wakampeleka hospitali. Mama yao alipoteremka melini na magunia yake ya dagaa, Doto alikuwa hatambui mtu. Wiki ile haikuisha.

Msibani Afande alipewa kiti cha mbele. Alisimama akasema marehemu alikuwa kijana shupavu, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, watu wakaitikia. Kulwa akainuka kutoka mkekani, mbele ya watu wazima wote, akasema, "Mungu hakupiga filimbi. Aliyepiga ni huyu." Baba yake akamzaba kofi. Wanawake wakamvuta ndani wakisema mtoto amechanganyikiwa na majonzi. Thubutu! Pale alikuwapo mtu mmoja tu mwenye akili timamu, na ndiye aliyepigwa. Afande hakuulizwa na yeyote. Alipohama, wanaume wa mtaa walimsaidia kuteremsha kitanda, baba yangu akishika upande wa miguu.

Leo Kulwa ana duka la vyombo karibu na stendi ya Buzuruga. Hakumwamkia baba yake tena mpaka mzee anazikwa, na jamii ikamwita mjeuri. Watu wananiambia yaliyopita si ndwele, nigange yajayo. Mimi nawajibu yajayo yameshakuja. Siku hizi selimundu inajulikana, kuna kliniki, kuna dawa, watoto wanakua. Nashukuru sana. Lakini likizo iliyopita shule ya mwanangu ilitangaza kambi ya ukakamavu, na kundi la wazazi kwenye simu likajaa vidole gumba. Niliuliza swali moja tu: mtoto akisema hawezi, nani anasimamisha? Baba mmoja akajibu, "Mama, acha kudekeza." Nikampigia Kulwa, nikitegemea tutalia pamoja. Yeye akasema, "Sisi tulikuwa watoto, Mwajuma, na tulijua. Wao walikuwa na ndevu. Usiniambie hawakujua."

Nikavaa viatu nikaenda shuleni, maana kambi ilikuwa imeshaanza na mwanangu yumo. Uwanjani watoto walikuwa wamepiga magoti juani, mikono juu, na kijana mwenye kofia akiwazunguka. Nilipita katikati ya mistari nikamwinua wangu. Mwalimu akanikimbilia, ana wasiwasi, ana adabu zake, akaniuliza mtoto anaumwa nini.

Nikamwambia haumwi kitu. Kwani lazima aumwe kwanza?