Karibu, Starehe

Nilipohamishiwa Mbinga nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, sufuria mbili na talaka moja. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha simu. Mtu anakuja dirishani, anataka Songea au Dar es Salaam, namwandika, napiga, nasubiri, nikimpata mtu wake namwita aingie kibandani. Kutwa nasikia watu wakipeana habari za misiba, za posa na za bei ya kahawa. Mimi mwenyewe, katika miezi minane ya kwanza, nilipigiwa simu mara moja tu, na aliyepiga alikuwa anamtafuta mtu mwingine.

Sitaki kuwasingizia wenyeji. Wamatengo ni watu wa kazi na wa kanisa, na ukimwamkia mtu mzima atakuitikia mpaka akuulize habari za ndugu zako asiowajua. Mwenye makosa nilikuwa mimi. Nilikuja nimenuna, nikaendelea kununa. Nimezaliwa Tanga, chakula kisicho na nazi kwangu ni chakula cha mgonjwa, na hapa nilikuta ugali na maharage, maharage na ugali, na baridi ya Juni inayoingia mpaka kwenye meno. Mama mwenye nyumba niliyopanga aliniita kula na familia yake jioni tatu za mwanzo. Mara zote tatu nilimjibu, "Ahsante mama, nimeshiba." Sikuwa nimeshiba hata siku moja. Jioni ya nne hakuniita, nami nikamlaumu moyoni kwa kutoniita. Nilikuwa mtu wa namna hiyo.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo biashara ilifunguliwa. Kahawa, ambayo zamani mnunuzi wake alikuwa ushirika peke yake, sasa ilikuwa na wanunuzi kila kona na mizani zao. Madukani kulijaa viti vya plastiki, chupa za chai zenye maua, sabuni za kila rangi. Na kwenye vijito vinavyoteremkia Ziwa Nyasa, vijana walikuwa wanachekecha mchanga kutafuta mawe ya rangi, kwa hiyo wakaja wanunuzi wa mawe kutoka Thailand. Walianzia Tunduru, wakahamia Songea, na wachache wakafika kwetu. Watu waliwaita Wachina, wote kwa pamoja, na wao walishachoka kukanusha.

Nyuma yao akaja mama mmoja, Mnyasa wa Mbamba Bay, aliyekuwa amewapikia kule Tunduru kwa miaka mitatu. Bosi wake mmoja alikuwa Mthai, mwingine wa Malaysia, na kila mmoja alimfundisha mapishi ya kwao kwa kusimama jikoni na kugomba. Alifungua banda karibu na stendi, meza nne, viti vyekundu vya plastiki, akampa fundi rangi kazi ya kuandika ubao. Fundi akaandika: MGAHAWA WA THAILAND NA MALEZIA. Wiki ya kwanza alifika mwanamke na mtoto mgongoni na kadi ya kliniki mkononi, akiuliza kama hapa ndipo yanapotolewa hayo malezi, na je, wanapima na uzito? Mama mpishi alimpa mtoto uji, akamwelekeza mama yake zahanati. Ubao hakuubadilisha. Alisema malezi hayajawahi kumdhuru mtu.

Mimi niliingia kwa sababu ya harufu. Ilikuwa Jumamosi mchana, natoka kazini, nikasikia harufu ya tui linalochemka. Nikasimama katikati ya njia. Kisha nikaingia na kuuliza kwa ukali, mithili ya askari wa forodha, "Nguruwe mnapika humu?"

"Dada yangu, karibu kwanza," alisema yule mama. "Sufuria zangu hazimjui nguruwe. Bosi wangu wa Malaysia alikuwa wa dini yako. Angenifukuza siku hiyo hiyo."

Aliniletea wali wa nazi, na kando yake usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa pamoja na karanga mpaka wanalia mdomoni, na pilipili ya kusaga iliyopikwa kwa ukwaju na sukari. Nazi zilikuja na malori kutoka pwani, usipa walipanda mlima na basi la Mbamba Bay. Nilikula kijiko kimoja, nikakiweka kijiko chini, nikaenda kunawa, nikala kwa mkono. Machozi yakanitoka. Nikamwambia mama ni pilipili. Akasema ndiyo, pilipili ya huku ni kali.

Upande wa Thailand ndio uliowashinda wateja. Mama alitia mchaichai kwenye mchuzi wa samaki, na Mbinga nzima inajua kwamba mchaichai ni wa chai. Mzee mmoja alikoroga bakuli lake kwa muda mrefu, akauliza, "Sasa hiki, mama, tunakunywa au tunatowelea?" Alikula hata hivyo, akamaliza, akasema hatarudi. Jumamosi iliyofuata alikuwepo.

Nami nikawa mtu wa Jumamosi. Jambo moja tu lilinikera. Mama alikuwa amefundishwa kuweka mabakuli katikati ya meza, wali huku, mchuzi huku, kila mtu ajichotee. Kwa watu wanne ni jambo zuri. Kwa mtu mmoja kwenye meza ya viti vinne, bakuli la katikati ni kama linauliza wenzako wako wapi. Nilikuwa nalivutia kwangu mapema, kabla halijaniuliza.

Jumamosi ya tatu akaingia mnunuzi mmoja wa mawe. Nilimjua kutoka dirishani. Alikuwa Mthai wa miaka arobaini hivi, mwembamba, ana kitochi cha kumulikia mawe kwenye mfuko wa shati, na kila Jumatano alikuja kupiga simu kwao. Alikuwa anapiga kelele kibandani, kisha ghafla sauti inashuka na kulainika, nami najua upande wa pili mtoto amepewa simu. Lugha yao sikujua hata neno. Lakini baba anayesema na mtoto wake aliye mbali hahitaji mkalimani.

Alipopita kwenye meza yangu nilikuwa nakula, kwa hiyo nikamwambia, "Karibu." Nani asiyesema? Anayekula anasema karibu, anayepita anajibu ahsante, starehe, na kila mtu anashika lake. Hakuna anayekaa. Ukikaa kweli utasimuliwa mwaka mzima. Lakini yeye hakuwa amefundishwa nusu ya pili ya neno lile. Alisimama, akafikiri, akasema, "Asante," akavuta kiti, akakaa.

Nilibaki na tonge mkononi. Kule jikoni mama mpishi aliziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. Kisha akaja na sahani ya pili, akaiweka mbele ya yule mtu, na kwa mara ya kwanza lile bakuli likawa mahali pake.

Sikumsahihisha. Ningeweza, na niliamua nisifanye hivyo. Tangu siku hiyo kila Jumamosi alikuja, akasimama mlangoni mpaka niseme neno lile, ndipo akae. Hakukaa hata mara moja bila kukaribishwa. Kiswahili chake alikipata kwa wachimbaji: jiwe, bei gani, hapana, safi, kesho. Kwa maneno hayo huwezi kusengenya mtu, lakini kula unaweza. Mbasa wa ziwani akiletwa, alitoa kwanza ile nyama ya shavu la samaki, akaiweka kwenye sahani yangu. Chakula kikimkolea alisema "aroi", kwa lugha ya kwao, halafu "safi", kwa ajili yangu. Siku moja aliniona nakula kwa mkono, akaweka kijiko chini, akafinyanga wali vizuri kuliko mtoto wa Kitanga, akanionyesha kwa ishara kwamba bibi yake naye alikula hivyo. Nilicheka. Sikumbuki kama niliwahi kucheka Mbinga kabla ya hapo.

Mapenzi hayakuwepo, na anayetaka kuniamini aniamini. Bibi yangu alizoea kusema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, akinionya nisiwategemee marafiki. Mimi wa kufa naye sikumtafuta. Nilifurahi kwamba yuko mtu mmoja katika mji ule anayechungulia mlangoni kuona kama nimefika.

Ilichukua miezi miwili maneno kufika ofisini. Mkuu wangu wa kazi, mtu wa kuja kama mimi, aliniita Alhamisi moja akaniambia nifunge mlango.

"Dada, tunasikia unaolewa Bangkok," alisema, akacheka. Mimi sikucheka, naye akaacha.

"Tunakula tu, mkuu. Mchana, mbele za watu."

"Najua. Lakini simu za wanunuzi wote wa mawe zinapita masikioni mwako. Wenzake wanasema huyu anazijua bei zao kabla hawajazitamka. Mimi sisemi ni kweli. Nasema wanasema."

"Kithai chenyewe sikijui!"

"Wanaoandika orodha hawatakupa mtihani wa Kithai, dada." Alishusha sauti. "Mwaka huu wanapunguza watu, unalijua hilo. Jina likishaandikwa halifutiki. Kula, lakini kula kwako."

Mama yangu mzazi kule Tanga alikuwa anaishi kwa mshahara wangu. Nilirudi chumbani, nikakaa kitandani na koti, nikajiambia ni chakula tu, mtu haachi kazi kwa sababu ya chakula. Hoja ilikuwa nzuri. Niliirudia Ijumaa nzima.

Ningeweza kutokwenda Jumamosi ile. Huo ungekuwa uungwana zaidi. Lakini niliutamani wali wangu, na nilitaka watu waone kwamba tumekaa mbalimbali. Nikaenda, nikakaa, nikaagiza. Chakula changu hakijaletwa, akaingia. Akasimama mlangoni kama kawaida yake, kitochi mfukoni, akaningojea.

Nikatazama meza. Ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye picha za nanasi, na nadhani ninaweza kuyachora mananasi yale mpaka leo. Wateja kwenye meza mbili nyingine waliacha kutafuna. Alisimama pale muda mrefu kuliko mtu anavyopaswa kusimama mlangoni, halafu akaenda akakaa kwenye meza ya pembeni, peke yake, akinitazama. Mama mpishi akamletea chakula chake kwanza. Mpaka leo sijui kama alikosea au alikusudia. Akaweka wali katikati, mchuzi katikati.

Yule mtu hakugusa kitu. Aliinua uso, akasema kwa sauti iliyosikika banda zima, neno ambalo hakuwahi kulisema kwa sababu siku zote nililisema mimi.

"Karibu."

Nilikuwa na njaa. Kiti cha mbele yake kilikuwa wazi. Nami nikamjibu kama nilivyofunzwa kwetu tangu utotoni, kwa adabu zote, jibu ambalo hakuna mtu anayeweza kulilaumu.

"Ahsante. Starehe."

Hakulielewa. Akamgeukia mama mpishi, akauliza, "Starehe?" akiwa amekunja uso, kama mtu aliyepewa jiwe asilolijua. Mama akanitazama. Alinipa nafasi, nasema kweli, alisubiri niseme kitu. Nikayatazama mananasi. Basi akaniokoa kwa lugha ya ishara, akajipapasa tumbo, akamwambia, "Ameshiba."

Yule mtu akaitazama meza yangu. Haikuwa na sahani, haikuwa na kijiko, haikuwa na hata glasi ya maji. Aliitazama kwa makini, alivyozoea kutazama vitu. Halafu akatikisa kichwa taratibu, akavuta bakuli la wali likamkaribia, akala.

Jumatano iliyofuata hakuja kupiga simu. Nilijipa sababu, labda yuko mitoni, labda laini za kwao ni mbovu. Alhamisi na Ijumaa nilikuwa nimekwisha kata shauri. Orodha waandike, na jina langu walitie mwanzo wakitaka. Jumamosi nilifunga dirisha la ofisi mapema, nikawahi mgahawani kabla ya mtu yeyote, nikakaa nikitazama mlango, neno langu liko tayari mdomoni.

Chakula kililetwa, wali katikati, mbasa katikati, na sahani mbili. Mlangoni hakuingia mtu ila mbuzi wa jirani, akafukuzwa.

"Dada," alisema mama mpishi, "hujaambiwa? Waliondoka Jumanne, wote. Mawe ya huku yamekwisha. Hata mimi mwezi ujao narudi kwetu ziwani, nitampikia nani tena mambo haya?"

Nikauliza kama aliacha neno. Akasema hapana, aliaga tu, akasema safi, safi, akapanda gari.

Mama mpishi alisimama karibu na meza yangu, taulo begani, kiti cha mbele yangu kikiwa wazi na sahani safi mbele yake. Banda lilikuwa tupu, hakukuwa na mteja wa kumngojea. Nikamwambia, "Karibu, mama." Nililisema kwa maana yake yote, kwa namna ambayo sikuwahi kulisema kwa mtu maishani.

Lakini yeye alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Akatabasamu, akaichukua ile sahani ya pili isinijazie meza, akanijibu kama anavyojibu kila mtu.

"Ahsante, dada. Starehe."