Kasuku Aliyeshindwa Kujenga

Nakumbuka asubuhi moja hapa Tanga, barazani kwangu, Mzee Rajabali aliponiinamisha kichwa. Na mimi, mwanangu, si mtu wa kuinama. Darasa la nne tu, lakini waulize watu kuanzia Maramba hadi Horohoro nani fundi wa matundu ya ndege. Watakutajia mimi.

Mzee Rajabali, muuza vitambaa, alikuwa amenipa kasuku wadogo wawili, dume na jike, vichwa rangi ya chungwa. Kutwa wanakunana shingo. "Hawa wameshachaguana," akaniasa. "Usiwatenge."

Nikawatenga. Nilikuwa nimepata dume la jamii nyingine, ndugu yao wa mbali, uso wa waridi, nikasema nitazalisha rangi ambayo Tanga nzima haijaiona. Nikamfungia jike na mgeni. Jike akampa mgongo. Dume wake, niliyemtundika ua wa nyuma, akaita mpaka sauti ikamkauka. Akasusa mtama, akafa. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Mwisho jike akakubali. Angefanyaje? Akatoka kifaranga jike, mzuri, usiseme! Watu wakaja kumwangalia, nami natembea kifua mbele.

Alipokua akataka kujenga, nikamtilia ukindu. Mama yake hubeba ukindu mdomoni. Ndege wa jamii ya baba yake huuchomeka manyoyani, mgongoni. Yeye akachana ujani, akauchomeka mgongoni, ukaanguka. Akauokota, akauchomeka tena, ukaanguka. Kutwa nzima. Akataga juu ya ubao mtupu, mayai yote viza.

Ndipo mzee akapita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akatazama tunduni. "Yule dume yuko wapi?"

"Alikufa, mzee."

"Na wewe wajiita fundi! Kuchanganyika si kosa, ndege huchanganyika wenyewe wakipendana. Wewe umefunga mlango, kisha waita ndoa."

Hakukanyaga tena baraza yangu hadi tunamzika.

Juzi binti yangu kaniletea mchumba wa milimani, nami nilishamwekea wangu, mwenye duka Pangani. Ulimi uliniwasha. Nikaukumbuka ule ukindu unavyoanguka, nikamwambia kijana, karibu ndani.

Basi mwanangu, kipendacho moyo ni dawa. Aliyekwisha kuchagua usimtenge, na asiyechagua usimfungie, hata kama ufunguo unao wewe. Pambo unalolitaka wewe, mwenzio ndiye atakayelilipia.

Mola akujaalie wa kukukuna shingo, na kiota chenu kisimame.