Athumani Hakuwa Msahaulifu

Jamani, mpaka naandika hapa akili yangu inakataa. Athumani? Huyu aliyenitumia stori Jumamosi jioni akamalizia na "usinikatie, tafadhali"? Ndiye tuliyemzika jana kwao Namasakata? Hapana kwa kweli.

Kwa msiomjua, Athumani aliandika mpira kwenye tovuti yetu hapa Songea. Mimi nilikuwa mhariri wake miaka minne. Yeye Myao, mimi Mngoni, mtani wangu kabisa, kutukanana ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Siku ya kwanza aliingia ofisini na mfuko wa korosho. Nikamwambia, Wayao mnahonga mapema. Akanijibu, "Kula kwanza, Mngoni, vita tutapigana baadaye."

Kila Jumatatu bosi anatuma kwenye group la ofisi kitu anachokiita msimamo. Ni majina yetu waandishi, yamepangwa kwa views kama timu za ligi. Watatu wa mwisho wanapakwa rangi nyekundu. Athumani alikuwa mwekundu wiki nenda wiki rudi. Aliyeandika kwamba mchezaji fulani kaachana na mkewe, yuko juu. Athumani aliyekwenda na pikipiki mpaka Nakapanya kuangalia timu mbili za vijijini, yuko mkiani.

"Bado nipo ligini?" Hiyo ndiyo meseji aliyonitumia kila Jumatatu. Nilikuwa nacheka.

Tatizo lake lilikuwa majina. Yeye anaandika wachezaji wote, mpaka wa benchi, mpaka kipa wa akiba ambaye hakugusa mpira. Bosi akaniambia wasomaji wakifika hapo wanakimbia, kata. Nikawa nakata. Kila stori yake, aya ya mwisho, nafuta.

Siku moja alinipigia simu kafura kweli. "We Deo, yule kipa kaja uwanjani kwa miguu. Mwandike jina tu, litakuua?"

Nikamwambia, "Litakuua wewe, kwenye msimamo." Mungu anisamehe.

Jumamosi nilikuwa nafuta aya ya mwisho ya mechi ya Nakapanya simu ilipoita kutoka Tunduru. Pikipiki aliyopanda kurudi imegongwa na lori. Amefia palepale barabarani.

Ile stori ilitoka hivyohivyo, imekatwa. Hakuna aliyekumbuka kuirekebisha. Hata mimi.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo linalonikosesha amani.

Jana baada ya kuzika tumekaa kwenye mikeka, mzee mmoja akasema, "Marehemu alikuwa kijana mwema, lakini kwa kusahau! Mwanangu Yasini kacheza mechi tatu mbele ya macho yake, zote tatu hakumwandika. Nikimuuliza ananiambia, nisamehe mzee, nilisahau." Watu wakacheka. Mwingine akadakia, hata mdogo wangu alimsahau. Na mwingine. Na mwingine.

Nilisahau! Miaka yote hiyo alikuwa anawaambia watu wa kwao hivyo. Hakuwahi kuwaambia kwamba kuna mhariri Songea, anaitwa Deo, ndiye anayefuta.

Halafu wakanigeukia mimi. Mtani haondoki msibani bila kuchekesha watu, ndiyo desturi. Nikasimama. Pale ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikasema, "Huyu Myao angesahau hata njia ya makaburini, bahati yake tumemsindikiza."

Walicheka sana. Mama yake mzazi alicheka huku anafuta machozi. Yule mzee akanipa mkono, akaniambia nimewafariji.

Mtu nimemkatia kazi yake miaka minne, nikaenda kumcheka nyumbani kwao kwa kosa langu mwenyewe. Sijui nilikuwa naogopa nini.

Leo asubuhi msimamo umetoka. Safari hii namba moja si mwandishi, ni tangazo la kifo cha Athumani. Bosi kaweka alama ya kikombe pembeni, halafu ananiambia niandike kumbukumbu, "itatembea sana." Nimekataa. Naandika hapa kwenye ukurasa wangu.

Mzee wangu wa Namasakata, kama kuna mtu atakusomea hii, shikamoo. Athumani hakuwa msahaulifu. Yasini aliandikwa, mara zote tatu. Mimi ndiye niliyemfuta. Naomba unisamehe, na nitakuja mwenyewe kumwambia mama yake.

Na hii ndiyo aya niliyoifuta Jumamosi, kama alivyoiandika mwenyewe:

"Benchi la Nakapanya walikuwepo Twaha Bakari, Issa Mbwana, Hassani Juma na Musa Rashidi. Benchi la Namasakata, kipa wa akiba Abdala Omari, ambaye amekuja kwa miguu, Shaibu Ali, na Yasini Saidi, ambaye aliingia dakika za mwisho akagonga mwamba, na uwanja mzima ukasimama."

Lala, mtani wangu. Wote wamo.